Shajara ya mradi: kuifundisha kompyuta ruti za Dar kwa Prolog

Februari, mwanzoni

Nimeamua kuingia akili mnemba kwa mlango wa uani. Kozi nyingi ninazokutana nazo zinaanza na takwimu, mitandao ya neva na kompyuta zenye kadi za michoro za bei mbaya, na mimi nina laptopu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo na bando linalokata kabla wiki haijaisha. Prolog, lugha ya programu inayotumia mantiki, haidai makubwa. SWI-Prolog ni ya bure, Jan Wielemaker alianza kuiandika mwaka 1987 kule Amsterdam, na ukishaipakua unaweza kukaa nayo hata umeme wa mtaa ukikatika, mradi betri ina moto.

Mradi wenyewe ni programu ya kumwelekeza abiria wa Dar es Salaam: apande gari gani, ashuke wapi, aunge na lipi. Mwenzangu mmoja kaniuliza kwa nini nisiziulize tu hizi programu za mazungumzo zinazojibu kila kitu. Nimeziuliza. Zinajibu kwa ufasaha mkubwa, lakini ukizibana zikuonyeshe jibu limetoka wapi, zinakupa ufasaha mwingine juu ya ule wa kwanza. Mimi nataka mashine ambayo naweza kuifuata hatua kwa hatua mpaka kwenye mstari ulioleta jibu.

Nimeanza na vituo vichache, Barabara ya Morogoro na ile ya Mandela:

unganisha(mbezi, kimara).
unganisha(kimara, ubungo).
unganisha(ubungo, manzese).
unganisha(manzese, magomeni).
unganisha(magomeni, jangwani).
unganisha(jangwani, fire).
unganisha(fire, kariakoo).
unganisha(ubungo, buguruni).
unganisha(buguruni, kariakoo).

Hizo ni taarifa. Chini yake nikaweka kanuni:

fika(A, B) :- unganisha(A, B).
fika(A, B) :- unganisha(A, C), fika(C, B).

Alama ya :- isome "ikiwa", na mkato usome "na". Herufi kubwa ni kitu kisichojulikana bado, herufi ndogo ni jina la kitu halisi. Nikiuliza fika(mbezi, kariakoo) inanijibu ndiyo. Nikiuliza fika(X, kariakoo) inanitajia kila kituo ambacho mtu anaweza kutoka na kufika Kariakoo. Nikigeuza fika(mbezi, X), napata kila mahali pa kwenda ukitokea Mbezi. Kanuni ni ileile, sijaongeza mstari. Katika lugha nilizozoea ningeandika kazi tatu tofauti. Hapa nimesema tu uhusiano ulivyo, na kutafuta nimeiachia mashine yenyewe.

Februari, katikati

Barabara zina pande mbili, kwa hiyo:

jirani(A, B) :- unganisha(A, B).
jirani(A, B) :- unganisha(B, A).

Nikabadilisha fika itumie jirani. Ukiuliza Mbezi hadi Kariakoo, sawa. Ukiuliza Mbezi hadi Kigamboni, ambako sijaandika kitu, mashine inazama. Washa trace, amri ya kufuatilia hatua moja moja, uone inachofanya: inateremka kituo kwa kituo hadi Kariakoo, inakosa pa kwenda mbele, inarudi Fire, inaenda Kariakoo, inarudi Fire, mpaka nafasi ya kumbukumbu inakwisha. Haina habari kwamba ilishapita hapo.

Hiyo trace ingefaa ifundishwe siku ya kwanza. Kila swali dogo lina milango minne: kuingia, kutoka na jibu, kurudishwa ukatafute jibu jingine, na kutoka mikono mitupu. Ukiiangalia ikipanda na kushuka unaelewa kwamba hakuna muujiza ndani. Ni kujaribu, kukwama, kurudi nyuma kwenye njia panda ya mwisho, kujaribu tawi linalofuata.

Dawa ya kuzunguka ni kubeba orodha ya vituo vilivyokwisha kupitwa:

njia(A, A, _, [A]).
njia(A, B, Pitwa, [A|N]) :-
    jirani(A, C),
    \+ kimo(C, Pitwa),
    njia(C, B, [C|Pitwa], N).

kimo(X, [X|_]).
kimo(X, [_|M]) :- kimo(X, M).

Alama ya \+ maana yake "haithibitiki kwamba", [A|N] ni orodha inayoanza na A kisha mabaki yake N, na _ ni kitu chochote kile. Sasa njia(mbezi, kariakoo, [mbezi], N) inanipa kwanza ile ndefu ya Manzese, Magomeni na Jangwani. Nikibonyeza nukta mkato inanipa ya pili, Ubungo, Buguruni, Kariakoo. Imeanza na ndefu kwa sababu tu Manzese imeandikwa juu ya Buguruni kwenye faili. Utafutaji wa Prolog unazama kwenye tawi moja hadi mwisho kabla haujagusa jingine. Ukitaka yenye vituo vichache itangulie, weka length(N, _) mbele ya swali: mashine itajaribu njia ya kituo kimoja, kisha viwili, kisha vitatu. Ni ujanja wa mstari mmoja na vitabu vinauita utafutaji wa kuongeza kina. Baadaye nitataka kuhesabu dakika badala ya vituo, hapo ndipo A*, mbinu ya kutafuta njia nafuu zaidi ya Hart, Nilsson na Raphael ya mwaka 1968, itakapoingia. Haraka ya nini.

Machi, mvua zimeanza

Mto Msimbazi umejaa, Jangwani hapapitiki, huduma ya mabasi ya mwendokasi imekatwa katikati. Programu yangu bado inawapeleka watu Jangwani kwa moyo mkunjufu.

Marekebisho ni madogo. Nimeongeza sharti kwenye jirani kwamba kituo kisiwe kimefungwa, kwa \+ imefungwa(B), nikatangaza mwanzoni mwa faili kuwa imefungwa ni kitu kinachobadilika wakati programu inakimbia, kisha nikaongeza taarifa:

assertz(imefungwa(jangwani)).

Papo hapo jibu la kwanza likawa la Buguruni. Maji yakikauka, naifuta kwa retract, na Jangwani inarudi. Sikugusa kanuni ya njia hata kidogo. Kwa programu ya kawaida, hali mpya ya namna hii hukulazimu kupekua msimbo mzima.

Lakini nimekaa nikaitazama ile \+ kwa muda. Programu inaamini Jangwani iko wazi kwa sababu hakuna aliyeiambia imefungwa. Haijui kama iko wazi. Imekosa tu ushahidi wa kinyume, na imehesabu ukimya kuwa ndiyo. Mwaka 1978 Keith Clark alieleza kwa hesabu ukanushaji wa aina hii unamaanisha nini, na mwaka huohuo Raymond Reiter akaandika juu ya dhana ya ulimwengu uliofungwa: kwamba kila kisichomo kwenye hifadhi kichukuliwe si kweli. Kwa orodha ya mishahara ya ofisi, dhana hiyo ni salama. Asiyekuwemo si mfanyakazi. Kwa barabara za Dar wakati wa masika, ni kucheza na roho za watu.

Kwa hiyo nimetenganisha mambo matatu: iko_wazi imeripotiwa, imefungwa imeripotiwa, na haina ripoti. La tatu linajibiwa "hakuna taarifa tangu" na saa ya ripoti ya mwisho. Programu imekuwa na maneno mengi kidogo, na naona ni bora hivyo.

Machi, wiki ya mwisho

Nimeongeza Barabara ya Bagamoyo: Makumbusho, Mwenge, Tegeta, Boko, Bunju. Ndipo likazuka suala la kugeuza.

Asiyekaa Dar nimweleze. Jioni uko Mwenge, unakwenda Bunju, na magari yanayotoka Makumbusho yanapita yamejaa hadi mlangoni. Unachofanya ni kuvuka barabara, kupanda gari linalokwenda Makumbusho, kulipa nauli ya huko, na kubaki umekaa linapogeuza. Unapita Mwenge kwa mara ya pili, safari hii ukiwa kwenye siti ya dirishani, na wenzako ulioachana nao bado wamesimama.

Kwa programu yangu hiyo ni safari haramu. Orodha ya Pitwa, ileile iliyozuia mzunguko wa Fire na Kariakoo, inakataa kituo kimoja kutokea mara mbili. Na haiwezekani kuitoa orodha, maana mzunguko utarudi.

Suluhisho limenifurahisha kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu. Mwenge ya kwanza na Mwenge ya pili si hali moja. Ya kwanza huna siti, ya pili unayo. Kinachopaswa kuhifadhiwa ni hali nzima ya abiria, na kituo ni sehemu yake tu:

hatua(hali(A, hana_siti), hali(M, ana_siti)) :-
    mwisho_wa_ruti(M), jirani(A, M).
hatua(hali(A, S), hali(B, S)) :- jirani(A, B).

Kwenye njia nikaweka hatua badala ya jirani, basi. Nikauliza kutoka hali(mwenge, hana_siti) hadi hali(bunju, ana_siti), ikaniletea Mwenge, Makumbusho, Mwenge, Tegeta, Boko, Bunju. Imegundua kugeuza bila mimi kuliandika neno hilo popote.

Lile fumbo la kuvusha chui, mbuzi na majani mtoni linafundishwa kwenye kila somo la akili mnemba kwa sababu hiyohiyo: ng'ambo uliyopo peke yake haitoshi, lazima ujue na nani yuko wapi. Nililisoma zamani nikaliona la kitoto. Kwa abiria wa Mwenge limeniingia.

Aprili, mwanzoni

Jirani yetu mmoja ameendesha daladala miaka mingi, sasa amepumzika. Nikaenda na laptopu barazani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo hiyo kompyuta inayojua ruti?"

Nikamwonyesha. Akauliza Makumbusho hadi Bunju, akasoma jibu polepole, akanirudishia.

"Hii inajua leseni. Gari haijui."

"Kivipi, mzee?"

"Ubavuni limeandikwa Bunju, sawa. Jioni foleni imesimama, dereva hesabu ya tajiri haijatimia. Akifika Tegeta anashusha wote anageuza. Kule Bunju atapata nini, arudi tupu? Wewe abiria wako umemwambia anafika Bunju."

Kukatisha ruti. Kila abiria wa mji huu ameshashushwa njiani akitukana, na kisheria ni kosa, kwa kuwa ruti ni ya kwenye leseni inayotolewa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini. Kwa mradi wangu ni zaidi ya kero. Gari la Bunju linafika Bunju, na hilo ni kweli, na gari la Bunju saa nyingine halifiki Bunju, na hilo nalo ni kweli. Mantiki ya shuleni haipendi mambo ya namna hii. Ndani yake, ukishathibitisha jambo, taarifa mpya hailifuti, inaongeza tu. Watu hatufikiri hivyo. Tunaamini mpaka tupate sababu ya kuacha kuamini.

Watafiti waliligundua tatizo hili mapema. Mwaka 1980 Reiter alichapisha mantiki ya mambo ya kawaida, na John McCarthy, aliyelipa taaluma hii jina lake la Kiingereza katikati ya miaka ya 1950, akachapisha njia yake mwaka huohuo. Mifano yao ni ya ndege wanaoruka isipokuwa pengwini. Sisi tunaye konda:

linafika(Gari, Kituo) :-
    ruti(Gari, Kituo),
    \+ linakatisha(Gari, Kituo).

linakatisha(Gari, bunju) :-
    ruti(Gari, bunju),
    wakati(jioni), foleni(tegeta).

Asubuhi linafika ni kweli. Ongeza wakati(jioni) na foleni(tegeta), jibu linafutika lenyewe. Ile \+ niliyoiogopa kwa Jangwani hapa ndiyo inayobeba mzigo wote. Tofauti ni nani anaumia ukimya ukidanganya: kwa Jangwani mtu anaweza kusombwa na maji, kwa Bunju atachelewa nyumbani na kuongeza nauli. Naiacha.

Mzee nimemsomea kanuni kwa sauti. Kasema hesabu, ile fedha ya kumpelekea mwenye gari, haimo. Ni kweli, haimo.

Aprili, katikati

Maswali kwa Kiswahili. Hapa Prolog iko nyumbani kwao, maana Alain Colmerauer na Philippe Roussel waliitengeneza Marseille mwaka 1972 wakitaka kompyuta ielewe Kifaransa, Robert Kowalski akiwa Edinburgh na ile nadharia ya kutumia mantiki kama programu. Hata mashine ya Watson ya IBM iliyoshinda mchezo wa maswali wa Jeopardy! mwaka 2011 ilitumia Prolog katika kuchambua sentensi. Prolog ina maandishi maalumu ya sarufi, yenye mshale badala ya :-.

jina(li_ya, umoja) --> [gari].
jina(ki_vi, umoja) --> [kituo].
jina(i_zi, umoja) --> [njia].
kiulizi(li_ya, umoja) --> [lipi].
kiulizi(ki_vi, umoja) --> [kipi].
kiulizi(i_zi, umoja) --> [ipi].
kirai(Ngeli, Idadi) --> jina(Ngeli, Idadi), kiulizi(Ngeli, Idadi).

Ngeli imetajwa mara mbili kwenye mstari wa mwisho, basi lazima iwe moja. "Gari lipi" inapita, "gari kipi" inagonga mwamba, na sikuandika sharti lolote la kukagua. Upatanisho wa kisarufi, uliotutoa jasho darasani, kwa Prolog ni kazi ambayo lugha inaifanya ikiwa imelala. Nikaongeza wingi, nikaiambia itunge badala ya kusoma, ikatoa magari yapi, vituo vipi, njia zipi. Vitenzi nimevikata vipande, li-na-fik-a, kiambishi cha mwanzo kikifungwa kwenye ngeli ya jina.

Mdogo wangu alipojaribu, akaandika anavyoongea: "gari ipi inafika Bunju". Ikakataa. Na yeye hayuko peke yake. Programu ya abiria inayokataa Kiswahili cha abiria haina kazi. Nikaweka mstari mmoja, jina(i_zi, umoja) --> [gari], ikakubali, lakini sasa ikitunga inachanganya: mara gari lipi, mara gari ipi. Sarufi moja inayosoma na kutunga ni nzuri mpaka unapotaka kusikia mapana na kusema sanifu. Nimezigawa mbili, ya kusikia na ya kusema, ya kusema ikiwa ndani ya ya kusikia. Walimu wa Kiswahili wataniwia radhi.

Mei

Mdogo wangu, anayesoma chuo, kaleta swali lililokuwa linanijia: "Kaka, sasa hii inajifunza nini? Si unaiandikia kila kitu?"

Mpaka hapa haijifunzi. Inafikiri, na kufikiri ni nusu ya taaluma, ila nusu nyingine ipo. Kuna tawi la kujifunza kanuni za mantiki kutokana na mifano, na Stephen Muggleton alilipa jina mwaka 1991. Unaipa mashine mifano iliyo kweli, mifano isiyo kweli, na maarifa ya msingi. Yenyewe inatafuta kanuni inayokubali ya kwanza na kukataa ya pili. Mifano michache inatosha kuanza, si mamilioni. Na kinachotoka ni kanuni unayoweza kumsomea mzee barazani.

Ninatumia Popper, programu ya kujifunza kwa namna hiyo, ambayo nyuma yake inaiendesha SWI-Prolog. Jina ni la mwanafalsafa Karl Popper, na kazi yake inalingana nalo: inabahatisha kanuni, inaijaribu, na ikishindwa inatumia kushindwa kule kufuta makundi mazima ya kanuni nyingine. Kanuni ikikubali mfano usio kweli, imelegea mno, kwa hiyo kila iliyolegea zaidi yake inatupwa bila kujaribiwa. Ikikataa mfano wa kweli, imebana mno, na kila iliyobana zaidi inatupwa.

Mimi na mdogo wangu tumekuwa tukiandika magari ya Bunju tuliyopanda: jioni au asubuhi, mvua au jua, foleni Tegeta au hakuna, lilifika au lilikatisha. Kanuni ya "jioni na mvua" ilianguka mapema; kuna jioni ya mvua kubwa ambapo gari lilifika Bunju bila neno. "Jioni na foleni", ile niliyoiandika kwa mkono, nayo imeanguka, kwa sababu ya gari lililovumilia foleni yote na kufika. Iliyobaki imesimama inahitaji jioni, foleni, na gari kuwa limepungua watu kabla ya Tegeta.

Sharti hilo la tatu limekaa karibu sana na alichosema mzee. Hesabu yenyewe haimo kwenye data na haitaingia. Hakuna konda atakayenitajia mfukoni ana kiasi gani. Mashine inaweza tu kuchagua kati ya maneno niliyoipa. Ipo mifumo inayojaribu kubuni yenyewe kiarifu kipya, kitu kisichotajwa kwenye mifano lakini kinachoieleza, na hiyo nitaijaribu mifano ikiongezeka. Kwa sasa mdogo wangu anakaa siti ya nyuma na mimi ya mbele, tunahesabu wanaoshuka kila kituo kati ya Mwenge na Tegeta. Konda mmoja keshatuuliza kama sisi ni wa LATRA.